Oili ya Jipu na Nguzo za Mzee Kassimu

Siku ile tuliyobadilisha oili ya gari letu la jipu tulikuwa sita uani kwetu Bongwe, na nawataja wote, maana wengi wao hawapo tena wa kujitaja wenyewe. Alikuwapo Bibi Mwanakombo, mama wa mama yetu, mwenye nyumba na mwenye sauti. Alikuwapo Mjomba Salimu, mwanawe, aliyekuwa dereva wa jeshi wakati wa vita akarudi na kofia, kikohozi na mapenzi ya magari. Walikuwapo ndugu zangu Hamisi na Juma, ambao hawakuweza kukaa kimya hata wakitafuna. Alikuwapo Mzee Kassimu, jirani yetu, ingawa yeye alikuwa ng'ambo ya ua. Na nilikuwapo mimi, Mwanasha, kifunguamimba. Asiyekuwapo ni kitindamimba wetu, Mejumaa, na kazi yote ya siku ile ilikuwa kwa ajili yake.

Baba na mama walitutoka katika mwaka mmoja. Mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Mwalimu alikuja nyumbani kuniulizia, Bibi akamkaribisha kwa dafu, akamwambia, "Mwalimu, huyu sasa ana watoto." Nami nilikuwa sijavunja ungo bado. Bibi alikuwa na mikono miwili na sisi tulikuwa wanne, basi shangazi yetu, dada wa baba, akamchukua Mejumaa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Shangazi alikuwa ameolewa bara, upande wa Samburu. Wala si pale penye barabara ya malori, bali ndani zaidi, upande wa Kinango, ng'ambo ya mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu na masika haukubali mtu. Tangu siku aliyoondoka sikumtia machoni. Nilikuwa nikimenya muhogo naweka kipande kidogo pembeni, kisha nakumbuka, nakirudisha.

Lakini msidhani tulikuwa watu wa huzuni. Wenzangu mliokua upande huu mnajua. Tulicheza mdako kwa kokwa za mkwaju mpaka vidole vikafanya sugu. Tulicheza kibe katikati ya migomba, na Juma alikuwa akijificha vizuri mno hata analala huko huko, tunamtafuta kwa hofu. Muhogo wa nazi ulipotokota jikoni, harufu yake ilikuwa inatuita kwa majina. Jioni za Ramadhani tulikaa tumetazama sahani ya kaimati kama askari wanaolinda benki, na Bibi akisema, "Anayemeza mate nitamjua kwa koo." Wajukuu zangu leo simu ikiisha chaji wanasema wamechoka kuishi. Sisi tulikuwa na kifuu, kamba na mchana mzima, na jua likituchwea kabla hatujamaliza kucheza.

Na tulikuwa na jipu! Mjomba alilipata kwa watu wa jeshi vita vilipokwisha, rangi imebambuka, viti vimeshonwa kwa gunia. Lilikuwa gari la ajabu kwa sababu moja: magurudumu yote manne yalisukuma. Magari mengine ya siku zile yalisukuma kwa miguu ya nyuma tu, yakizama matopeni yanabaki kulia. Mjomba kwenye jipu lake alikuwa akivuta fimbo ya pili iliyokuwa sakafuni, akisema, "Haya, na mikono nayo ishuke," basi linapanda kama kaa. Hamisi na Juma walikuwa wakiwaringia watoto wenzao mpaka Ukunda. "La kwenu lina miguu mingapi?" Wenzao hawakuwa na gari la mguu wowote.

Ila jipu lilikuwa limekunywa bahari. Mjomba alikuwa akilitumia kubeba mawe ya chokaa kutoka pwani ya Diani, na siku moja lilikwama mchangani, maji yakajaa yakalifunika mpaka ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu. Alipolitoa lilikwenda vizuri, lakini kila akipinda kona sauti ya kusaga ilitoka chini. Mjomba alikuwa akiisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. "Maji yameingia kwenye difu," akasema. Difu ni yale maboga ya chuma yaliyo katikati ya ekseli, moja mbele na moja nyuma, na ndani yake meno ya chuma yanazunguka katika oili nzito. Oili ikiingiwa na maji, meno hulana.

Ndipo ikaja habari. Utingo wa lori la mbuzi alisimama barabarani akaleta salamu za shangazi: mumewe amepata biashara Taveta, na wanahama wote. Lori la mizigo litakuja kesho kutwa. "Kama mwamtaka mtoto wenu," shangazi alisema, "mfuateni kabla hatujafunga mizigo. Mkichelewa nitakwenda naye, siwezi kumwacha na watu."

Taveta! Kwetu sisi siku zile Taveta ilikuwa kama mwisho wa dunia. Bibi alisimama mlangoni akafunga kanga yake kwa nguvu. "Kesho baada ya sala ya alfajiri," akasema.

"Kesho, mama," Mjomba akajibu. "Lakini leo lazima jipu lisafishwe tumbo. Masika haya, matope ya Kinango, likienda na maji ndani difu itakatika huko porini, na sote tutakuwa wahamiaji."

Oili mpya alikuwa nayo tayari, debe dogo alilolinunua Mombasa na kulificha chini ya kitanda tangu siku ile ya bahari. Oili ya namna ile haikupatikana kwetu. Madukani kulikuwa na mafuta ya taa, mafuta ya nazi na samli. Ya difu ilibidi uvuke kivuko cha Likoni, na kwenda na kurudi siku imekwisha.

Basi kazi ikaanza, na furaha iliyokuwa uani siku ile sijui niieleze vipi. Juma alikuwa akizunguka jipu akiimba jina la Mejumaa. Kwanza Mjomba aliliendesha mpaka Ukunda na kurudi ili oili ya zamani ipate moto, maana ikiwa baridi hung'ang'ania ndani. Kisha akataka gari lisimame sawasawa, kwani likiinama utatia oili pungufu ukidhani imejaa. Ua wetu uliteremka kidogo. Mjomba akachukua sinia la Bibi, la kuandalia wageni wa Idi, akalijaza maji akaliweka juu ya sakafu ya jipu. Maji yakakimbilia upande mmoja. Sisi tukachimba chini ya magurudumu ya juu kwa majembe, tukasukuma, tukachimba tena, huku Bibi akipiga kelele, "Sinia langu! Salimu, likipinda utaniona wewe!" Mpaka maji yakalala.

"Sasa sikilizeni," Mjomba akasema akiwa chali chini ya gari, miguu tu ndiyo twaiona. "Kila difu ina vizibo viwili. Cha ubavuni cha kutilia, cha chini cha kumwagia. Mjinga hufungua cha chini kwanza. Akishamwaga yote, aende kwa cha ubavuni akikute kimeshikwa na kutu, hakifunguki. Gari limekufa, naye ndiye muuaji."

Kweli, kizibo cha ubavuni cha difu ya nyuma kilikuwa kimeshikwa na chumvi ya bahari. Mjomba alikitia mafuta ya taa, akakigonga, akakisemesha maneno ambayo Bibi alituziba masikio tusiyasikie. Tukaleta bomba la chuma la kurefusha spana, tukalivuta sote, hata Bibi alishika kiuno cha Hamisi. Kikalia kriii! Tukaanguka chini kwa pamoja tukicheka.

Oili ya difu ya nyuma ilipotoka Juma alipiga kelele, "Chai! Jipu linakojoa chai ya maziwa!" Ilikuwa hivyo hasa, nyeupe yenye kahawia, kwa ajili ya maji. Ya mbele ilikuwa afadhali kidogo. Ya giaboksi, na ya kile kisanduku kidogo kinachogawa nguvu mbele na nyuma, ilikuwa nyeusi tii na nzito, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakiingoja watu.

Maana vijana wa leo hawajui kwamba oili chafu ilikuwa mali. Nyumba zetu zilikuwa za nguzo na udongo, na mchwa wa Bongwe hawakuwa na adabu. Ukiipaka nguzo oili chafu kabla ya kuisimamisha, mchwa hunusa wakageuka. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba Salimu anamwaga oili, majirani walikuja mmoja mmoja na vifuu, makopo na vibuyu, wanabisha hodi, wanauliza hali, wanatusifu kwa jipu, kisha kopo linasogezwa mbele kwa aibu. Bibi alikaa karibu na ua akigawa. Kwa Bibi, mtu aliyekuja na chombo haondoki na chombo kitupu. Ikiwa hakuna nyama utapewa mchuzi, ikiwa hakuna mchuzi utapewa chumvi.

Huku nyuma sisi tunatia mpya. Debe lilikuwa limekaa ndani ya sufuria la maji ya moto ili oili iwe nyepesi. Hatukuwa na pampu. Mjomba alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akaupitisha kutoka juu mpaka kwenye tundu la ubavuni, na huku juu akachomeka kifuu kilichotobolewa. Hamisi akamimina kwa kikombe taratibu. Mimi nilikuwa chini ya gari, maana kidole changu cha mwisho ndicho kilichoingia vizuri kwenye tundu. Oili ikigusa ncha ya kidole ukingoni mwa tundu, imejaa.

"Kidole kinasema nini?" Mjomba anauliza.

"Kinasema bado."

"Mimina, Hamisi. Kidole kinasema nini?"

"Kinasema yuwaja!"

"Asije, afike. Mimina."

Giaboksi ikajaa. Kisanduku kidogo kikajaa. Difu ya mbele ikajaa, nami nikapiga kelele, "Imefika!" na Juma akarukaruka kama imefika kweli, kama Mejumaa mwenyewe amefika. Tukapumzika, tukala muhogo kwa mikono inayonuka, tukaswali adhuhuri. Ikabaki difu ya nyuma tu.

Mjomba akalinyanyua debe. Likanyanyuka upesi mno. Akalitikisa. Akachungulia ndani, akageuka polepole.

"Nani amegusa debe hili?"

Bibi alikuwa akifagia. "Mimi. Nimempa Kassimu."

"Umempa Kassimu nini, mama?"

"Oili. Ile chafu ilikuwa imekwisha. Mtu hajakanyaga ua wangu tangu mbuzi wetu walipokula muhogo wake. Leo kaja mwenyewe na kopo lake la samli, ananiuliza hali, ananiita dada. Nimwambie imekwisha? Nikamtilia ya humo, tena hii yenu ni safi."

Mjomba akaliweka debe chini. Akakaa juu ya gurudumu la akiba, akashika kichwa. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo ndiyo ya kumfuata Mejumaa."

Ufagio ukaanguka. Nilimwona Bibi akizeeka pale pale. Juma akaacha kuimba. Hamisi ndiye aliyesema tulilokuwa tukilifikiri sote: "Basi twende tukaichukue!"

"Haichukuliwi," Bibi akasema, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Nimempa mtu kwa mkono wa kulia. Sijawahi kumwomba mtu nilichompa, wala nyumba hii haitaanza leo. Asiende mtu kuidai."

Wasomaji wa rika langu wanaelewa. Vijana watasema, si mumwambie tu? Kwetu sisi lilikuwa jambo zito. Kumdai mtu ulichompa ilikuwa kama kumvua nguo njiani, na huyu ndiyo kwanza amerudi kwenye maneno mema. Mjomba hakuweza kumpinga mama yake. Alikaa. Jua lilikuwa linashuka, na kule bara shangazi alikuwa anakunja mikeka.

Mimi nilikuwa mkubwa. Sikuwa na elimu, lakini kitu kimoja nilikuwa nacho, nikishika jambo siliachi. Nilikaa nikifikiri: Bibi amekataza kudai. Hajakataza kuomba. Nikachukua lile debe letu, nikajifunga kanga vizuri, nikatoka. Nikapita njia yote ya kuzunguka, kama mgeni, nikasimama nje ya ua wa Mzee Kassimu.

"Hodi!"

"Karibu." Alikuwa na brashi ya makumbi ya nazi mkononi. Nguzo za nyumba mpya ya mwanawe anayetaka kuoa zilikuwa zimelazwa chini. Moja ilikuwa inang'aa kwa oili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwanasha. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Babu. Habari za kazi?"

"Kazi njema. Bibi yako kanipa oili ya kifalme. Itazame, yapita chini ya brashi kama asali!"

Nikalisogeza debe mbele, kwa aibu, kama wenzake walivyofanya kwetu mchana kutwa. "Babu, nimekuja kuomba oili kidogo."

Akanitazama. Akalitazama debe. "Kuomba oili? Kwangu? Hii si ndiyo yenu?"

"Hapana, Babu. Ni yako. Bibi amekupa. Ndiyo naiomba kwako."

Akaanza kucheka, akicheka mpaka akakaa juu ya nguzo ile ile aliyoipaka, kikoi kikachafuka chote. "Huyu Mwanakombo! Amenipa ya gari zima! Hebu sema, ya kazi gani?"

"Ya difu ya nyuma. Kesho twamfuata Mejumaa kabla hajapelekwa Taveta."

Kicheko kikakoma. Akasimama upesi kuliko umri wake. "Leta debe." Akaimimina yote, akakung'uta kopo, hata brashi akaikamua kwa vidole. "Na nguzo zako, Babu?" nikauliza. "Mchwa si watu wa haraka," akasema. "Lakini sikiliza, binti. Oili chafu mtakayoimwaga safari nyingine ni yangu yote. Umenisikia? Asipewe mtu mwingine. Nguzo za mwanangu zitangoja hiyo."

"Nimekusikia, Babu. Naahidi."

"Haya, kimbia. Wala usimwambie bibi yako umeomba. Mwambie Kassimu alikuwa na ya ziada."

Nilikimbia, debe kichwani! Bibi aliposikia Kassimu alikuwa na ya ziada, alinitazama kwa jicho moja. Akavua kanga yake ya begani, ile aliyoipenda, tukaichuja oili kwayo, maana brashi ilikuwa imeitia maganda ya miti na nyuzi za makumbi. Doa lile halikutoka maisha yake yote, na alikuwa akiivaa hivyo hivyo harusini. Nikaingia chini ya gari. Tulimimina mpaka tone la mwisho.

"Kidole kinasema nini?"

Nilingoja. Nikakinyoosha kidole mpaka kikauma. Kisha nikahisi uvuguvugu kwenye ncha.

"Imefika, Mjomba. Imefika!"

Alfajiri tulipanda Kwale kwa gia, jipu likinguruma bila kusaga, tukateremka Kinango, tukaingia katika matope mekundu. Mto tuliukuta umejaa nusu. Mjomba akavuta fimbo ya pili, akasema, "Na mikono nayo ishuke," tukavuka maji yakitulowesha miguu, nasi tunapiga kelele za furaha. Tulipofika, mizigo ilikuwa imeshafungwa kamba. Mejumaa alikuwa amekaa juu ya furushi la godoro, amevaa kiatu kimoja. Hakunijua. Nilimchukua, akaweka pua yake shingoni mwangu, akasema neno lake la kwanza kwangu: "Wanuka gari." Nikacheka, nikalia, sikumshusha mpaka Bongwe.

Sasa, ile ahadi. Jipu halikumwagwa oili tena. Kabla safari nyingine ya kuibadilisha haijafika, Mjomba alipata kazi Mombasa, akaliuza kwa mtu wa Msambweni, likaondoka na oili ya Mzee Kassimu tumboni. Mwanawe alioa, nyumba ikasimamishwa kwa nguzo kavu. Mchwa hawakuwa na haraka, lakini walifika. Miaka si mingi nyumba ikainama, mwana na mkewe wakahamia Matuga. Mzee mwenyewe hakunikumbusha hata siku moja. Alikuwa akiniona njiani ananiuliza, "Mejumaa hajambo?" Nikisema hajambo, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa. Amekufa hivyo.

Siku hizi mjukuu wangu ana gari la miguu minne. Havuti fimbo, anabonyeza kidude. Oili yake inabadilishwa gereji Ukunda na vijana asiowajua, naye amekaa kwenye kiti anatazama simu, hajui kizibo kiko wapi wala oili yake ina rangi gani. Hakuna anayemshika kiuno mwenziwe kuvuta spana. Hakuna jirani anayekuja na kopo. Gari likiwa tayari hupigiwa simu, na mpaka leo sijamwona akiruka kwa furaha.

Mwaka jana nilimwomba aniletee ile oili chafu. "Bibi, ya nini?" Nikamwambia nina deni. Akaileta katika dumu, anacheka. Nikapanda nayo gari mpaka Matuga kwa mjukuu wa Mzee Kassimu, kijana mwenye adabu, akanipokea kwa soda. Nyumba yake ni ya matofali, nguzo za simiti, sakafu inateleza. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Bibi Mwanasha, mchwa watakula nini hapa?" Nikatazama huku na huku nikitafuta hata kijiti kimoja. Hakikuwapo. Nikarudi na dumu langu.

Liko nyuma ya mlango wangu mpaka sasa. Mejumaa akija kunitazama, naye siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, huingia akakunja pua, akasema, "Dada, nyumba yako yanuka gari. Nikutolee hili dumu?" Namwambia aliache pale pale. Halijafika kwa mwenyewe.